Mkono wa Kushoto Jikoni kwa Madam

Waliniomba niseme neno kwenye mazishi ya Madam. Alinipigia simu mzee mmoja wa kamati, sauti tamu kama asali, akaniambia wanatafuta mtu wa kuzungumza kwa niaba ya wasichana ambao marehemu aliwafundisha maisha, na jina langu ndilo lililotajwa kwanza. Nikamwambia nitakuja. Hakuuliza nitasema nini. Kwetu maiti hasemwi vibaya, kwa hiyo mzee wa watu alikata simu akiwa na amani yake.

Siku yenyewe nilifika mapema na kiu ya safari. Sikwenda hemani. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikatafute maji, nikachungulia katika lile jiko la nje ambalo Madam hakuwahi kulitia simiti hata baada ya kujenga nyumba ya vyumba sita. Harufu ilinipokea mlangoni: mavi mabichi ya ng'ombe, udongo wa kichuguu, na jivu. Sakafu ilikuwa imesiribwa jana yake ili vumbi lisiwasumbue wapishi. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Kwetu ilikuwa harufu ya Ijumaa, shuleni.

Nikatazama chini. Mnajua mkono ukipita kwenye udongo mbichi huacha nusu duara, nusu duara, mpaka ukutani. Za watu wote nimeziona zikigeukia kulia. Hizi ziligeukia kushoto. Ni mtu mmoja tu niliyewahi kumjua anayesiriba hivyo, na hakupaswa kuwa jikoni mwa Madam siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Hasira ilinipanda pale pale, kikombe cha maji mkononi. Haijashuka mpaka leo, na ndiyo inayoandika haya.

Shule yetu ilikuwa upande wa Awendo, katikati ya miwa. Ukichungulia dirishani unaona miwa, ukienda chooni unaona miwa, na matrekta yakipita na shehena tulitoka mbio kuchomoa bua moja moja huku dereva akitutukana kwa Kijaluo. Mashamba yalipochomwa kabla ya kuvunwa, masizi meusi yalishuka juu yetu, yakatua kwenye madaftari na kwenye uji. Madarasa yalikuwa ya udongo. Tulikwenda shuleni na jerikeni ya maji mkono mmoja na kuni kwapani, na siku ya Ijumaa tuliongeza mavi ya ng'ombe kwenye kopo. Wavulana walichota maji na kumwaga. Sisi wasichana tuliinama.

Kila msichana alipewa kipande chake cha sakafu. Tulipomaliza, Madam alikuja kukagua. Alikuwa mwalimu wa sayansi kimu, mwanamke mzuri, mrefu, mwenye viatu vya kisigino chembamba ambavyo hatukuwa tumeviona kwa mtu mwingine. Alipita taratibu juu ya kazi yetu. Kisigino kikizama, au kikibandua ganda, unarudia kipande chote. Na kila tulipoinama tena alituambia, kwa sauti yake ile isiyopanda kamwe, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilimpenda. Niseme ukweli wangu, nilimpenda kuliko mama yangu.

Tulipoingia darasa la saba, Madam alisimama paredi akatangaza Klabu ya Maisha. Kitabu peke yake hakipiki ugali, alisema, na msichana anayejua hesabu bila kujua maisha ni hasara kwa wazazi wake. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. Wakachaguliwa wasichana kumi na mmoja, mimi nikafanywa kiongozi. Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, wenzetu walipobaki darasani kwa hesabu za ziada, sisi tulipanga mstari tukaenda nyumbani kwa Madam kujifunza maisha.

Basi hebu niwaeleze tulichojifunza. Tulijifunza kuchota maji mtoni, sisi ambao tulikuwa tunachota tangu tukiwa na miaka mitano. Tulijifunza kuchagua mawe kwenye mchele ambao hatukuula. Tulijifunza kufua mashati meupe ya mume wa Madam, na masizi ya miwa yakishuka juu ya kamba, tulijifunza kuyafua mara ya pili. Tulifua nepi za mtoto wake. Mimi, kiongozi, nilikuwa na daftari maalumu nililoandika kila somo na tarehe yake: Leo tumejifunza kufua nepi. Leo tumejifunza kupara samaki. Niliandika kwa kalamu nyekundu, na vichwa vya masomo nilivipigia mstari kwa rula.

Nilidhani sisi ndio tuliochaguliwa, waliobaki na hesabu ni mabaki. Niliwaona kina Omondi, waliobaki darasani, wakihesabu kwa vidole nikawahurumia. Sayansi kimu ilikuwa kwenye mtihani wa taifa, hilo nililijua, na kwa akili yangu ya miaka kumi na mitatu mwalimu anayekufungulia nyumba yake anakuonyesha maswali kabla hayajaandikwa. Nilikuwa na hakika siku ya mtihani tutaulizwa udongo wa kichuguu unachanganywa na mavi kiasi gani.

Akinyi hakuwa katika klabu. Alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, analelewa na nyanya yake muuza omena, dagaa wa ziwani, bibi mkavu mwenye kicheko kikubwa ambaye sote tulimwita Dani. Omena zilitoka Mbita kwenye magunia, na Akinyi alinuka omena muda wote na hakujali. Alizaliwa akitumia mkono wa kushoto. Walimu walimchapa vidole mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia, lakini hesabu alizifanya kwa wa kushoto, chini ya dawati, kwenye karatasi iliyowekwa pajani, kisha akazinakili juu kwa mkono unaokubalika. Hata hivyo alimaliza kabla yetu. Mwalimu wa hesabu alikuwa akikwama ubaoni anamtazama yeye kwanza. Na sakafu ya Akinyi, jamani, kisigino cha Madam hakikuiweza. Alichekecha udongo kwa vidole, akatia jivu kidogo, akasiriba kwa mkono wake wa kushoto bila kuogopa, maana hakuna mwalimu aliyejali ni mkono gani unashika mavi.

Muhula wa tatu Madam aliniita peke yangu. Aliniambia mimi ni msafi, ninasikia, na kwamba darasa la nane ni gumu kwa mtoto anayesomea kibatari. Akasema angependa nikae kwake mwaka huo mzima. Nyumba yake ilikuwa na stima. Nilikimbia njia nzima kwenda nyumbani.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kupepeta. Kisha akasema neno moja ambalo sikumsamehe kwa miaka mingi.

"Huendi."

Nililia. Nikasusa chakula. Nikamwambia hataki niendelee, anataka nibaki mjinga kama yeye, na mama yangu, ambaye kwa kawaida angenitandika kwa neno dogo kuliko hilo, hakuninyanyulia mkono. Hakunieleza sababu. Angenieleza siku ile, maneno matano tu, nisingekuwa ninaandika haya. Lakini kwetu mwalimu alikuwa mtu mkubwa. Mtu hakumsema mwalimu mbele ya mtoto, mtoto akaenda nayo shuleni.

Sasa bahati imenikataa, na bahati haitupwi. Nilimwendea Madam asubuhi nikamwambia mama ana kazi nyingi nyumbani, lakini ninamjua msichana msafi kunishinda, anayesikia kunishinda, ambaye sakafu yake yeye mwenyewe ameikanyaga haikubanduka. Nilimtaja Akinyi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliitoa zawadi ile kwa moyo wangu wote, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu Dani hakuwa hata na kibatari chenye kioo.

Akinyi alisita. Aliniuliza kama huko kwa Madam atapata nafasi ya hesabu za saa tisa. Nikamjibu kwamba usiku kucha kuna taa, hesabu atafanya mpaka achoke. Dani alifurahi kupita kiasi. Alimfulia sare, akamsuka, akampeleka mwenyewe kwa miguu, na kwapani amebeba kuku wa kumshukuru mwalimu. Alimpelekea kuku! Jioni nilipomweleza mama kwamba Akinyi amekwenda mahali pangu, mama aliacha mwiko ndani ya sufuria akanitazama. Nilingoja aseme kitu. Akaendelea kusonga ugali.

Darasa la nane lilianza. Akinyi akawa anachelewa. Sare yake ilikuwa safi, hilo Madam alilitunza, lakini macho yalikuwa mekundu na vidole vimechubuka kwa sabuni ya kipande. Alisinzia kwenye hesabu. Mwalimu wa hesabu alipokwama ubaoni na kumtazama, alikuta kichwa kimelala juu ya dawati. Mara moja alimwamsha, akampeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, na sauti zao tulizisikia wakibishana. Mwalimu akarudi amefunga mdomo. Baada ya hapo hakumwamsha tena. Nilimuuliza Akinyi kama anasoma usiku. Alisema mtoto wa Madam halali, na taa huzimwa mtoto akilala. Mimi, kiongozi wa Klabu ya Maisha, nilimshauri ajipange vizuri.

Likizo ya Aprili ilipofika, Akinyi alipelekwa Isebania kwa dada yake Madam aliyekuwa na duka mpakani, amsaidie kidogo, wiki tatu tu. Shule zikafunguliwa, dawati lake likabaki tupu. Wiki ya kwanza, ya pili. Nikajipa moyo nikamfuata Madam nje ya ofisi ya walimu, nikamuuliza Akinyi anarudi lini. Aliniwekea mkono begani. Nakumbuka harufu ya mafuta yake ya kujipaka.

"Akinyi amefuzu mapema," aliniambia. "Wengine hawahitaji kungoja mtihani."

Nilimwamini, na si hivyo tu, niliona wivu. Mwenzangu amefuzu bila kukaa kwenye chumba cha mtihani, amepata kazi kabisa mjini, na mimi bado nahangaika na sehemu na asilimia. Niliona ni habari njema isiyofaa kukaa nayo. Jioni ile nilipita sokoni kwa Dani, nikamkuta amekaa nyuma ya fungu lake la omena, nikamwambia mjukuu wake amefuzu. Madam mwenyewe kasema. Dani aliinuka. Alinishika uso kwa mikono miwili yenye magamba ya samaki, akaniita nyathina, mwanangu, kisha akanifungia omena kwenye gazeti, nyingi, kilima. Akasema nikampe mama, tule, tumshukuru Mungu. Tulikula. Mama aliuliza zimetoka wapi, nikamweleza, na yeye hakuzigusa.

Mtihani ulikuja. Karatasi ya sayansi kimu niliisoma kurasa zote nikitafuta swali la udongo na mavi. Waliuliza habari za kupanga meza kwa uma na visu. Nilipita kwa shida, mama akauza ng'ombe, nikaingia sekondari ya wasichana ambayo haikuwa ya kujivunia. Kati ya wale kumi na mmoja tuliofua nepi, tulioendelea ni watatu. Kina Omondi, wale mabaki niliowahurumia, walijaa kwenye orodha ya waliofaulu hesabu.

Nilielewa nikiwa kidato cha pili. Nilitumwa Isebania na shangazi kununua vitenge, nimevaa sweta ya shule kwa maringo tu, nikamwona Akinyi akitoka nyuma ya duka. Mtoto wa watu mgongoni, beseni la nguo kichwani. Alikuwa amekonda shingo. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Yote yalinijia pamoja, nepi, taa inayozimwa, kuku wa Dani, na nikaona ni nani aliyekuwa ameinama miaka yote hiyo na ni nani aliyekuwa akiokota cha mvunguni. Mnajua nilifanya nini? Nilijificha. Nilisimama nyuma ya lori la mahindi mpaka alipopita, kwa sababu ya sweta.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama kama alijua. Akasema kila mwanamke pale alijua. Nikamuuliza mbona alimwacha Akinyi aende. Alisema yeye alikuwa na uwezo wa kumzuia mtoto mmoja tu, wa tumboni mwake, na huyo alimzuia. Nilimkasirikia kwa jibu hilo. Bado nimemkasirikia, na amelala kaburini. Nimemkasirikia mwalimu mkuu aliyefuta jina la Akinyi kwenye rejista akaandika kwamba ameacha shule kwa hiari. Mwalimu wa hesabu pia, aliyepiga kelele siku moja akachoka. Walimu hao walijua kusoma na kuandika, na wote walinyamaza.

Ndiyo hasira niliyosimama nayo kwenye jiko lile na kikombe changu cha maji. Akinyi akaingia amebeba sufuria la maji, amenenepa kidogo, mvi mbili tatu, leso kiunoni. Alinitambua mara moja. Hakushtuka. Alisema tu nisogee, nimekanyaga pabichi.

Nilimuuliza anafanya nini hapa. Alisema Madam alipougua, watoto wake wa Nairobi walimtafuta yeye, maana hawakuona mwingine anayejua nyumba ile. Alimwogesha miezi saba. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema ndiyo kazi anayoijua. Kisha akaweka sufuria chini, akajipangusa, akaniuliza swali alilokuwa ameliweka kwa miaka yote.

"Ni wewe uliyemwambia Dani kwamba nimefuzu?"

Nikasema ndiyo.

"Alikufa akiwaambia watu hivyo," alisema. "Nilipokuja kumzika, wakawa wananipa pongezi."

Nilimwambia nimeitwa kuzungumza, na nitaanika kila kitu, nitamvua nguo Madam mbele ya wachungaji na wakubwa wote waliokaa mbele. Nilitaka, nadhani, anisifu. Akinyi akarudia sufuria lake.

"Sema unavyotaka," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Emsii aliniita baada ya kwaya. Nilikuwa na karatasi mfukoni, hotuba niliyoiandika kwa hasira siku tatu, yenye maneno makali ya kupendeza. Nilishika maikrofoni nikataja jina langu. Nikasema nilikuwa kiongozi wa Klabu ya Maisha, watu wakapiga makofi. Nikasema Madam alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeambiwa amefuzu kabla yetu sote, yuko jikoni, na mimi sitasema neno kabla yake. Watu walicheka kwa furaha wakidhani ni heshima. Akina mama wawili wakaenda kumvuta.

Alikuja mikono imelowa. Alinitazama, na jicho lile halikuwa la urafiki. Nilijua nimemtoa tena mbele ya watu bila kumuuliza, kama nilivyomtoa mara ya kwanza. Lakini aliipokea maikrofoni, kwa mkono wa kushoto, akaongea bila kupandisha sauti.

"Mimi ni Akinyi, mjukuu wa Dani aliyekuwa akiuza omena. Madam alinichukua nikiwa wa kwanza kwa hesabu. Mtihani wa darasa la nane sikufanya. Kama kuna mtu hapa aliambiwa nilifuzu, ajue haikuwa kweli."

Akanirudishia maikrofoni, akasimama pale pale, hakuondoka. Alikuwa anangoja. Nikatafuta ile hotuba kichwani nikaona haina kazi, maana kila mstari wake ulimhusu Madam.

"Uongo huo niliupeleka mimi," nilisema. "Dani alinipa omena, nikazila."

Emsii aliniondolea maikrofoni kwa adabu, kwaya ikasimama haraka, na mzee wa kamati akanipita bila kunitazama. Tangu siku hiyo nimeambiwa nimeharibu mazishi, nimejitafutia mkosi. Waseme.

Nilirudi jikoni. Akinyi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, na mbele yake gunia la mchele wa chungu cha pili. Alichota mchele kwenye ungo akausukuma upande wangu. Nikavua viatu, nikakaa chini kwenye sakafu yake, nikaanza kuchagua mawe. Hakuwa amenisamehe, wala mimi sikumwomba.